Mlango wa Mkwe

Shikamoo zenu nimezipokea zote, marahaba. Nasikia mmeajiriwa wapya wengi pale ofisi ya nyumba za umma, na mmoja wenu ameuliza kama yule mama mkali wa kota bado yu hai. Yu hai. Anakaa Kiseke, ana magoti mabovu na kuku wachache, na ndiye huyu anayewaandikia.

Mkuu wenu ameniomba niwaeleze habari za sheria za kujenga na kusimamia nyumba za serikali, kwa kuwa nilizisimamia hapa Mwanza tangu nikiwa msichana mwenye kiuno mpaka nikastaafu. Nimekubali, lakini vifungu vyenyewe mnavyo ofisini, na vimebadilishwa sana tangu niondoke, kwa hiyo msivitafute kwangu. Mimi nitawasimulia mlango mmoja. Nikimaliza mtajua kwa nini bibi yenu, aliyekuwa akiwanyamazisha wapangaji kwa kifungu cha mkataba, siku hizi akiutazama ukuta mtupu machozi yanamlengalenga.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Majura, afisa nyumba mkuu wa wakati ule, Mjita mrefu mwenye koti la kaki na sauti ya chini. Kota zetu zilikuwa zimejengwa katikati ya mawe, kama ilivyo Mwanza yote: safu za nyumba za chini zenye bati, na ghorofa moja ndefu nyuma yake. Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino na kubeba jalada kubwa kifuani. Mzee Majura aliniangalia, akaniuliza kama nakwenda kukagua nyumba au kumkamata mtu. Akaniambia jalada niliache ofisini.

Namna yake ya kukagua ilikuwa hivi. Alibisha hodi, akaamkiana na watu mpaka habari za ng'ombe wa kijijini ziishe, kisha akaomba maji ya kunywa. Mimi nilidhani ana kiu. Kumbe mwenye nyumba akienda kuchota, mzee anasikiliza bomba: linafunguka sawasawa, linavuja, au halitoi kabisa na maji yanatoka kwenye ndoo. Akiinua kikombe kunywa, macho yanakwenda darini kutafuta madoa ya mvua. Akiegemea ukuta kama mtu aliyechoka, anagonga lipu kwa kifundo cha kidole na kusikia kama imeachana na tofali. Tukitoka, mwenye nyumba anasema mzee Majura ni mtu wa watu, amekuja kunisalimia tu, na mzee tayari anajua kila kitu kilichoharibika mle ndani. Hata leo siwezi kunywa maji kwa mtu bila kutazama dari.

Alinifundisha pia maneno mawili ambayo mtayakuta kwenye kila mkataba wa upangaji: uchakavu wa kawaida. Mpangaji anatakiwa airudishe nyumba kama alivyoipokea, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Sasa huo uchakavu ni nini? Nilikuwa na bidii ya mtu mpya, nikataka kumdai mama mmoja kizingiti kilicholika katikati. Mzee Majura aliketi juu ya kizingiti kile kile, akaniambia hapo ni miguu ya watoto imepita, na serikali ilijenga nyumba ili watoto wapite. Tundu la msumari ni la mpangaji. Kizingiti kilicholika ni cha serikali. Mkilishika hilo mtaepuka ugomvi mwingi.

Sheria zilizobaki tulijifunza kwa vituko. Kwenye mkataba kulikuwa na maneno maeneo ya pamoja, yaani ngazi, korido na uwanja, ambayo hakuna mpangaji mmoja anayeruhusiwa kuyafanya yake. Wapangaji wetu waliotoka visiwani walisoma neno pamoja wakafurahi sana. Kesho yake ngazi nzima ya ghorofa imeanikwa dagaa, kila kidato na mwenyewe, na mkuu wa idara aliyekuja kutembelea akapanda kwa kurukaruka kama mwali wa ngoma. Mwingine, mama wa Kihaya mpole kabisa, alikuwa akitwanga kisamvu ghorofa ya juu kila siku, na lipu ya dari ya jirani wa chini ikawa inadondokea kwenye chakula. Nilipekua sheria yote kutafuta kinu, hakimo. Mzee Majura akaenda uwanjani, akachagua jiwe pana lililokuwa katikati ya kota, akatangaza kuwa jiwe hilo ni la vinu, udaga wa muhogo na dagaa. Likawa hivyo. Jioni lilijaa wanawake, na habari zote za mji zilipita pale kwanza kabla ya kufika redioni.

Sasa nije kwenye mlango.

Kulikuwa na mpangaji wetu mmoja, Bwana Masatu, fundi wa pampu za maji, akikaa kwenye nyumba ya mwisho ya safu ya chini. Mama mkwe wake alitoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kuja kutibiwa macho mjini, akafikia kwa binti yake. Nyinyi vijana wengine mmekulia mjini, pengine hamjui uzito wa jambo hilo. Kwetu sisi wa kanda hii, Wasukuma, Wajita, Wakerewe, mwanamume na mama mkwe wake hawakutani ana kwa ana hivi hivi. Wanaheshimiana kwa kupishana. Hali naye meza moja, hapishani naye kwenye njia nyembamba, na kuchangia naye bafu ni jambo la kumfanya mtu mzima atamani ardhi ipasuke. Hapo hapana chuki hata kidogo. Ni heshima, na namna yake ni kumpa mwenzako njia.

Na waliochora kota zetu hawakuwa na habari hiyo. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja unaoingia sebuleni. Kwenda bafuni, kwenda jikoni, kutoka nje, lazima upite sebuleni. Masatu akiwa nyumbani, bibi alijifungia chumbani. Bibi akitoka, Masatu alikimbilia nje. Mwisho bibi akaacha kuoga, akawa anasingizia baridi, mgonjwa yule, na jua la Mwanza mnalijua. Masatu alivumilia mpaka akashindwa. Siku moja mchana akachukua sululu akatoboa ukuta wa nyuma wa chumba cha bibi, tundu la kupita mtu.

Jirani alikuja ofisini kushtaki kuwa Masatu anavunja nyumba ya serikali. Mzee Majura alinituma nitangulie. Nilifika nikiwa nimejaa sheria mpaka kooni. Nilimsomea Masatu kwamba mpangaji haruhusiwi kubomoa, kuongeza wala kubadilisha sehemu yoyote ya jengo bila idhini ya maandishi, na kwamba kwa kosa lile anaweza kuondolewa. Alinisikiliza na vumbi la tofali kichwani, akajibu kwa utulivu.

"Dada, sheria yako imeandikwa na mtu asiye na mkwe."

Nikaikunja karatasi ya mkataba. Maneno hayo bado ninayo.

Mzee Majura alipofika hakumgombeza mtu. Alisimama mbali kidogo na tundu, akageuka upande, akamsalimia bibi aliyekuwa ndani na kumuuliza jicho linaendeleaje. Bibi akaitikia kutoka gizani kwamba linaendelea vizuri, na kwamba kama kuna faini basi wamtoze yeye, kijana wa watu asisumbuliwe. Ndipo mzee akainama kuangalia juu ya tundu. Tofali zilikuwa zimekaa zenyewe, hakuna kitu kilichozishika, na ufa mwembamba ulikuwa umeanza kupanda kuelekea bati.

"Linta iko wapi?" aliuliza.

Masatu akasema hakuweka boriti yoyote ya kubeba tofali juu ya tundu. Alitaka bibi aoge kwanza.

"Mlango tutauzungumza. Lakini umemlaza mama yako chini ya tofali zinazoning'inia. Hilo ndilo siwezi kulipita."

Masatu alikaa chini, uso mikononi. Bibi alihamishiwa kwa jirani saa ile ile, tukatafuta mirunda ya kuegemeza ukuta, na mzee akaenda kumleta mhandisi wa ofisi yetu, bwana mchangamfu aliyependa kuimba kazini. Mhandisi aligonga, akapima, akapanda juu kuangalia mbao za paa zimelalia ukuta gani. Akasema Masatu ana bahati kuliko akili, kwa sababu ukuta wa nyuma ulikuwa wa kujaza tu. Uzito wa paa ulikuwa kwenye kuta za pembeni. Angetoboa pembeni tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Mkae na hilo kichwani maisha yenu yote ya kazi. Kuna ukuta unaoziba na kuna ukuta unaobeba. Ule unaoziba unaweza kuzungumza nao. Ule unaobeba hauna mazungumzo.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nimpende mzee yule kama baba. Mimi nilijua njia mbili tu: kumfukuza Masatu, au kumlazimisha azibe. Mzee Majura aliifungua sheria ile ile niliyokuwa nimeisoma kwa ukali, akanionyesha maneno niliyoyaruka: bila idhini ya maandishi. Maana yake idhini ipo, inaweza kuombwa, na kuna mtu wa kuitoa. Mhandisi akachora mlango wenye linta ya zege na nondo, jiji likatoa kibali cha mabadiliko ya jengo, Masatu akagharamia fundi, na akakubali kuwa siku akihama mlango unabaki mali ya serikali, kwa kuwa kilichojengewa kwenye nyumba ya umma hakibebwi. Bibi akarudi kwenye chumba chake akiwa na mlango wake wa kutokea uani, akaoga huko, na nasikia alikaa kwenye beseni mpaka maji yakapoa.

Habari ikapita kwenye jiwe la vinu, ikaenea. Wapangaji wa safu za chini wakaanza kuja mmoja mmoja na maombi, na mchoro ukawa ule ule, ukuta ule ule. Watu wakauita mlango wa mkwe. Mafundi nao wakaujua kwa jina hilo. Ukisema weka mlango wa mkwe, hakuna anayeuliza upana.

Nami niliolewa nikiwa kazini, nikapewa nyumba kwenye safu hiyo hiyo, karibu na jiwe. Nilipojifungua binti yangu Leticia, mama yangu alikuja kutoka Magu kunikanda na kumwogesha mtoto, akakaa kwangu muda mrefu. Alikuwa akiingia na kutoka kwa mlango wa mkwe. Mume wangu akirudi kazini, alianza kukohoa tangu kwenye jiwe, kikohozi kikubwa cha uongo, ili mama asikie apate nafasi ya kujisogeza. Mama naye alimjibu kwa kugonga mwiko kwenye sufuria, kwamba amesikia, apite. Waliishi hivyo nyumba moja, hawatazamani, na sijapata kuona watu wawili wanaopendana kwa adabu kama wale. Mama alipokufa, aliyelia kuliko wote alikuwa mume wangu, na alikuwa hajawahi kuutazama uso wake vizuri.

Kikohozi kile nakikumbuka kuliko hata sauti ya mume wangu akizungumza. Naye amekwenda. Siku nyingine kuku wakikwaruza uani nasimama, nadhani ni yeye anakohoa kule kwenye jiwe. Nasema wazi kwamba nina hamu na nyumba ile. Nimejenga Kiseke, nina hati, nina bati la rangi, lakini moyo wangu uko kota.

Nilipostaafu niliikabidhi kama nilivyowafundisha wengine kukabidhi. Mzee Majura alikuwa na desturi yake katika hilo, na naiacha kwenu mkiitaka. Hakupokea funguo ofisini. Alimwacha mpangaji afagie nyumba tupu peke yake, apite kila chumba, kisha afunge mlango kwa mkono wake mwenyewe, yeye akisubiri nje. Alisema mtu aliyeaga nyumba harudi kuisumbua. Afisa aliyenipokea mimi alikuwa kijana mwenye adabu, akasubiri nje kama inavyotakiwa. Nilifagia. Nilipofika kwenye mlango wa mkwe nikaufungua na kuufunga bila sababu, nikaona kizingiti chake kimelika katikati. Uchakavu wa kawaida. Nikatoka, nikafunga, nikampa funguo.

Desturi ile ilimdanganya mzee kwa upande wangu. Niliaga, na bado narudi. Kota zile zimeshavunjwa kupisha majengo makubwa, ni haki, zilikuwa zimechoka. Siku niliyokwenda kuangalia nilikuta greda, na hata jiwe la vinu limepasuliwa kokoto. Nilimuuliza dereva wa greda kama aliona milango ya nyuma. Akanijibu kwa heshima, "Mama, kwangu mimi vyote ni kifusi."

Nisingewachosha na hayo yote kama si Leticia.

Leticia ni mwalimu Nansio, na mumewe, Magesa, ni mganga kwenye zahanati ya huko. Ni kijana wa Kikerewe aliyelelewa, Mungu amweke. Wamepewa nyumba kwenye ghorofa mpya za watumishi, wako juu kabisa. Alipokaribia kujifungua mtoto wao wa kwanza nilifunga kanga zangu, mafuta ya kukandia na unga wa uji wa ulezi, nikapanda meli. Nilipanga kukaa mpaka mtoto atambae. Mwanamke aliyejifungua kwa mara ya kwanza anamhitaji mama yake, na mama naye, akiwa peke yake Kiseke, anahitaji kuhitajiwa.

Jengo ni zuri. Niliomba maji ya kunywa, bomba likaimba. Dari safi. Vigae vinang'aa. Lakini nilipoingia ndani zaidi moyo ukashuka. Mlango mmoja. Korido moja nyembamba kama utumbo. Chumba changu huku, chumba chao kule, bafu moja katikati, na kila kitu kinafungukia kwenye korido hiyo. Sheria zote zimefuatwa, nawaambieni kweli. Upana wa ngazi, madirisha, hewa, njia ya maji taka, hakuna mahali ningeweka kidole. Palikosekana njia ya mimi kupita.

Asubuhi ya kwanza baada ya mtoto kuzaliwa nilitoka chumbani na beseni la maji ya mtoto, Magesa naye akatoka kwake akiwa na mswaki mdomoni. Tukakwama pale. Yeye aligeuka akasimama uso ukutani kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Mimi nikataka kujifunika kanga usoni, na mikono ina beseni. Maji yote yakaenda kwenye vigae vizuri vya serikali, na Leticia kitandani anacheka mpaka anashika tumbo. Na mimi nilicheka, baadaye.

Lakini halikuwa jambo la kucheka siku zote. Magesa akaanza kushinda nje. Akitoka kazini alikuwa hapandi. Anakaa chini kwa fundi baiskeli, kwenye kreti ya soda, mpaka mke wake aanike kanga nyekundu barazani, maana yake mama ameingia chumbani, njoo. Mimi nikijua yuko chini, naharakisha kumwogesha mtoto, namkanda Leticia mbio mbio kama ninaiba. Leticia akasema nisihangaike, siku hizi watu wameacha mambo hayo, hata mapadri wanafundisha kuwa mkwe ni mwana. Nilimwambia mimi sina neno, ninaweza kupita. Ila kijana wa watu ananipa alichofundishwa na mama yake. Nikimwambia akiache, nitakuwa nimemwambia mama yake hakumlea.

Siku moja mvua ilinyesha mchana, mvua ya ziwa ile inayokuja bila kuaga. Nilikwenda barazani kuanua nguo. Nikatazama chini. Magesa alikuwa kwenye kreti, chini ya kipande cha turubai, anakula ugali kwenye sahani ambayo Leticia alimshushia ikiwa imefunikwa na sahani nyingine. Maji yanamdondokea begani. Mganga mzima, baba wa mtoto, anakula mvuani kwa sababu mimi niko ndani kwenye nyumba yake.

Nilirudi chumbani nikakaa. Kisha nikafanya nilichokuwa nakifanya kila asubuhi tangu nifike. Niligonga ukuta wa chumba changu, ule uliopakana na ngazi ya jengo. Nilikwisha kuupima kwa viganja. Upande wake wa pili ni kituo cha ngazi, mahali pa kupumzikia. Mlango ungekaa pale kama umezaliwa pale. Ningeingia na kutoka, ningekohoa, Magesa angegonga mwiko. Nikagonga tena, nikitumaini siku hiyo utatoa sauti nyingine. Ulitoa ile ile, nzito, iliyojaa. Zege tupu, toka chini mpaka juu.

Nikamwambia Leticia kuku wangu wameugua, nikapanda meli. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutabasamu.

Msiniambie wahamie kwangu. Mnajua mkataba wenyewe, mpangaji wa nyumba ya umma anatakiwa akae mwenyewe, asiifunge wala kumpa mtu, na kazi zao ziko kule. Msiniambie pia nipange chumba jirani. Nilikitafuta kabla sijaondoka, nikakipata, nikapanda na kushuka zile ngazi kwa magoti haya kwa siku chache, mpaka Leticia mwenyewe akanikataza. Nyumba yangu ya Kiseke nimeijenga na mlango wa mkwe, ukuta wa nyuma, linta safi. Magesa ameupita Krismasi moja. Tangu hapo naufungua kupunga hewa tu.

Juzi alinipigia simu. Kwenye simu mkwe unazungumza naye bila shida, haina uso. Aliniamkia vizuri, akaniuliza magoti, akaniuliza kuku, kisha akasita.

"Mama, nimemwita fundi. Amekiangalia chumba chako. Anasema ukuta wa upande wa ngazi tunaweza kuutoboa, tukakuwekea mlango wako. Nimeona nikuulize wewe kwanza, kwa kuwa ndiyo kazi yako."

Vijana wangu, nilishawishika. Ofisi ya kule haiji kukagua mara kwa mara. Rangi ingefunika. Ningesema tu, mmefikiria vizuri, na wiki ijayo ningekuwa kwenye meli na unga wangu wa ulezi. Nilimwona Masatu na vumbi lake kichwani. Niliona ule ufa unapanda. Na juu ya chumba changu safari hii hakuna bati jepesi, kuna paa zima la zege na tangi la maji, na chini yake kuna familia za watu, wengine nimewasalimia kwenye ngazi, wana watoto.

"Huo ukuta umeshika ngazi, baba," nilimwambia. "Ukiutoboa umewaweka wote wa chini yenu kwenye hatari. Hakuna mhandisi wa kukupa idhini, na akikupa usiipokee. Mlipe fundi nauli yake aende."

Nilisikia mtoto akipiga kelele za furaha kwa nyuma.

"Sawa mama," alisema. "Nimesikia." Kisha, kama mtu anayenipa kitu cha kushika, "Ameanza kukaa. Tumemwekea mito."

Kwa hiyo nawaomba. Mtaletewa michoro ya nyumba mpya, na mtaulizwa upana wa ngazi, umbali kutoka ukingo wa ziwa, nani analipia taa ya korido. Yajibuni yote, yana maana yote. Halafu kabla hamjaweka sahihi, tafuteni kwenye karatasi hiyo mama mkwe atapita wapi. Kwenye karatasi ukuta bado ni mstari, unasogezwa na penseli.

Mjukuu wangu ameanza kukaa. Wanasema akikaa anageukageuka kutazama mlangoni.